Mantiki ya viarifu na Prolog: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaosoma akili mnemba ambao wamefika kwenye mantiki, wakakutana na alama za ajabu na lugha ya programu isiyofanana na Python wala Java. Mifano mingi inatoka kwenye familia moja ya kubuni: Bi Zuhura, watoto wake Rehema na Salim, mkwewe Kulwa, pacha wa Kulwa aitwaye Doto, baba yao Mzee Masanja, na Asha, mjukuu wa Bi Zuhura na Mzee Masanja. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mwanzo kabisa

1. Mantiki ya viarifu ni nini, na inatofautiana vipi na ile ya "na", "au", "si"?

Mantiki ya "na", "au", "si" inashughulika na sentensi nzima. "Mvua inanyesha" inakuwa M, "barabara imejaa maji" inakuwa B, na ukishasema M inaleta B umemaliza. Haichungulii ndani ya sentensi. Ukipewa "Kila mvuvi ana ngalawa" na "Salim ni mvuvi", wewe unaona papo hapo kwamba Salim ana ngalawa. Mantiki hiyo haioni, kwa sababu kwake hizo ni herufi mbili zisizojuana.

Mantiki ya viarifu inaifungua sentensi. Ndani yake kuna vitu (Salim, Asha, Pemba). Kuna viarifu vinavyosema jambo kuhusu vitu hivyo, kama Mvuvi(x) au Mzazi(x, y). Kuna vigeu kama x na y, yaani nafasi zinazosubiri kujazwa. Na kuna maneno mawili ya idadi: "kila", linaloandikwa ∀, na "kuna angalau kimoja", linaloandikwa ∃. Kiarifu hiki ni ndugu wa kiarifu cha sarufi tuliyosoma shuleni: kiima kinatajwa, kiarifu kinatoa habari zake. Tofauti ni kwamba kiarifu cha mantiki kinaweza kuhusisha vitu viwili, vitatu au zaidi kwa mara moja. Mjerumani Gottlob Frege ndiye aliyeuweka mfumo huu kwenye maandishi mwaka 1879, zamani kabla ya kompyuta.

2. "Kila" inakwenda na alama gani, na "kuna" je?

"Kila" hutembea na mshale, "kuna" hutembea na "na":

∀x (Mvuvi(x) → AnaNgalawa(x))
∃x (Mvuvi(x) ∧ AnaNgalawa(x))

Hapa ndipo karibu kila mwanafunzi hujikwaa mara ya kwanza. Ukiandika ∀x (Mvuvi(x) ∧ AnaNgalawa(x)), umesema kwamba kila kilichopo duniani, pamoja na mwembe wa jirani na Mlima Kilimanjaro, ni mvuvi mwenye ngalawa. Na ukiandika ∃x (Mvuvi(x) → AnaNgalawa(x)), sentensi inakuwa kweli kwa sababu tu kuna kitu kisicho mvuvi, hata kama ngalawa zote zimezama. Mshale wenye upande wa kushoto usio wa kweli huhesabiwa kuwa kweli, na mwembe si mvuvi.

3. Je, mpangilio wa "kila" na "kuna" unabadilisha maana?

Sana. Tuchukulie x ni wavuvi tu na y ni ngalawa tu. ∀x ∃y Anatumia(x, y) inasema kila mvuvi ana ngalawa anayotumia, huenda yeye yake na mwenzake yake. ∃y ∀x Anatumia(x, y) inasema ipo ngalawa moja wanayoitumia wote. Kiswahili cha kawaida kinaziacha maana hizo mbili ndani ya sentensi moja na kumwachia msikilizaji achague. Mantiki inakulazimisha uchague wewe, kabla hujaandika.

4. Prolog ni nini na ilitoka wapi?

Ni lugha ya programu ambamo huiambii kompyuta hatua za kufuata. Unaiambia yaliyo kweli, kisha unaiuliza. Jina ni kifupi cha maneno ya Kifaransa *programmation en logique*. Ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, kwa mchango mkubwa wa kinadharia wa Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Chini yake kuna kazi ya J. Alan Robinson, ambaye mwaka 1965 alionyesha kwamba uthibitisho wa kimantiki unaweza kufanywa na mashine kwa kanuni moja tu ya kukokotoa, inayoitwa rezolusheni.

Colmerauer alikuwa anatafuta namna ya kuzungumza na kompyuta kwa Kifaransa. Lugha ya binadamu ilikuwa lengo tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana swali la 14 kuhusu ngeli za Kiswahili linaiingia Prolog kama mkono kwenye glavu.

5. Nianzie wapi kama sina kompyuta yenye nguvu?

Chukua SWI-Prolog, ambayo Jan Wielemaker aliianza Amsterdam mwaka 1987 na bado inatunzwa. Ni ya bure na haihitaji mashine kubwa. Mwenye simu tu anaweza kutumia SWISH, ambayo ni SWI-Prolog inayotumika kupitia kivinjari.

## Kuandika na kuuliza

6. Programu ya Prolog inaonekanaje?

Ina taarifa na kanuni. Hii hapa familia yetu:

```
mzazi(zuhura, rehema).
mzazi(zuhura, salim).
mzazi(masanja, kulwa).
mzazi(masanja, doto).
mzazi(rehema, asha).
mzazi(kulwa, asha).

mwanamke(zuhura).
mwanamke(rehema).
mwanamke(asha).
mwanamume(masanja).
mwanamume(kulwa).
mwanamume(doto).
mwanamume(salim).

mama(M, X) :- mzazi(M, X), mwanamke(M).
baba(B, X) :- mzazi(B, X), mwanamume(B).
ndugu(A, B) :- mzazi(P, A), mzazi(P, B), A \= B.
mjomba(M, X) :- mama(A, X), ndugu(M, A), mwanamume(M).
```

Alama `:-` isome "ikiwa", mkato usome "na", `\=` isome "si sawa na", nukta ndiyo mwisho wa tamko. Kanuni ya mwisho inasomeka hivi: M ni mjomba wa X ikiwa A ni mama wa X, na M ni ndugu wa A, na M ni mwanamume. Hakuna hatua, hakuna kitanzi. Sasa uliza:

```
?- mjomba(Nani, asha).
Nani = salim.

?- mjomba(salim, Nani).
Nani = asha.
```

Kanuni ileile imejibu maswali mawili yenye mwelekeo tofauti: nani mjomba wa Asha, na Salim ni mjomba wa nani. Mimi binafsi jambo hili ndilo lililonivuta, na naona ndilo la kumwonyesha mgeni kwanza.

7. Inapataje jibu hilo?

Kwa mambo mawili: kulandanisha na kurudi nyuma.

Kulandanisha ni kuchukua maneno mawili yenye vigeu na kuuliza: tukijaza nini yatakuwa sawa? `mzazi(A, asha)` na `mzazi(rehema, asha)` yanalandana pale A inapokuwa rehema.

Fuata sasa `mjomba(Nani, asha)`. Prolog inahitaji kwanza mama wa Asha. Inashuka kwenye orodha ya wazazi, inamkuta Rehema, inahakikisha ni mwanamke. Kisha inatafuta ndugu wa Rehema: mzazi yeyote mwenye mtoto yeyote, halafu mzazi huyohuyo awe na mtoto Rehema. Tamko la kwanza linampa Zuhura na mtoto Rehema mwenyewe. Rehema si tofauti na Rehema, kwa hiyo `A \= B` inakataa. Prolog haivunjiki moyo. Inarudi kwenye njia panda ya mwisho, inafuta ilichojaza, inajaribu tamko linalofuata: Zuhura na Salim. Salim si Rehema, Salim ni mwanamume, kazi imekwisha. Ukibonyeza nuktamkato, itarudi nyuma tena kutafuta mjomba mwingine.

Inatafuta kutoka juu kwenda chini katika faili, na kutoka kushoto kwenda kulia katika kanuni. Shika hilo, maana matatizo mengi ya sehemu ya mwisho hapa chini yanatoka humo.

8. Nimeandika sawasawa lakini inatoa kosa au jibu la ajabu. Kwa nini?

Angalia haya matatu kwanza.

Herufi kubwa. `asha` ni Asha. `Asha` ni kigeu, yaani mtu yeyote. Ukiandika `mwanamke(Asha).` umetangaza kwamba kila kitu ni mwanamke. Sisi tumezoea kuheshimu majina kwa herufi kubwa, hivyo kosa hili linatunasa sana.

Ng'ombe. Ile alama ya juu kwenye *ng'* ni alama ambayo Prolog huitumia kufungua na kufunga jina lililonukuliwa. Ukiandika `mnyama(ng'ombe).` utapata kosa la sintaksia. Andika `'ng\'ombe'`. Ndivyo ilivyo kwa ng'ambo, kung'aa na wenzao wote.

Hesabu. `X = 2 + 3` haikupi 5; inakupa neno `2+3` lenyewe, kwa sababu alama ya sawasawa ni ya kulandanisha tu. Ukitaka kukokotoa andika `X is 2 + 3`.

9. Kwa nini mifano ya hapa ni ya mjomba na baba mdogo, si kama ya kwenye vitabu?

Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa kwa Kiingereza, na humo kaka wa baba na kaka wa mama wanabeba jina moja. Kiswahili kimekwisha kufanya kazi ya mantiki ndani ya msamiati: mjomba ni wa upande wa mama, shangazi ni dada wa baba, na kaka wa baba anaitwa baba mkubwa au baba mdogo kutegemea kama amemtangulia baba au amemfuata. Kila neno ni kiarifu chenye masharti yake. Mwanafunzi wetu anaanza akiwa mbele, mradi asiache lugha yake mlangoni.

Jaribu baba mdogo (tuseme umeandika pia mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, kwa umbo la `amezaliwa(Mtu, Mwaka)`):

```
baba_mdogo(M, X) :-
    baba(B, X), ndugu(M, B), mwanamume(M),
    amezaliwa(B, MwakaB), amezaliwa(M, MwakaM),
    MwakaM > MwakaB.
```

Inaonekana nzuri mpaka umweke Doto. Kulwa na Doto ni mapacha. Wamezaliwa mwaka mmoja, siku moja. Kwa kanuni hii Doto si baba mdogo wa Asha wala si baba mkubwa. Hata hivyo kila mtu anayejua majina hayo anajua Kulwa ndiye aliyetangulia. Ujuzi tunao, programu haina, kwa kuwa tuliuandika kwa kipimo cha mwaka. Dawa ni kuuacha mwaka na kuandika jambo lenyewe tunalolijua: `mkubwa_kuliko(kulwa, doto).`

## Ndiyo na siyo

10. Prolog ikijibu `false`, maana yake jambo hilo si kweli?

Hapana. Maana yake ni: kwa uliyoniambia, sikuweza kuthibitisha. Ukilielewa swali hili moja vizuri, mengine yote ya ukurasa huu yatakuwa mepesi.

Tazama majibu matatu:

```
?- mjomba(doto, asha).
false.

?- ndugu(masanja, zuhura).
false.

?- mzazi(zuhra, rehema).
false.
```

La kwanza ni "siyo" ya kweli: Doto ni wa upande wa baba. La pili ni "sijui": hatukuandika wazazi wa Masanja wala wa Zuhura, wanaweza kuwa ndugu au wasiwe. La tatu ni kosa la tahajia, Zuhura ameandikwa Zuhra. Mashine imetoa neno lilelile mara zote tatu. Ukikosea jina la kiarifu, SWI-Prolog hukuonya kwamba hakipo; ukikosea jina la mtu, haikuambii chochote.

Mwaka 1978 Keith Clark alieleza rasmi utaratibu huu wa kuchukulia kwamba kilichoshindwa kuthibitika si kweli, na mwaka huohuo Raymond Reiter akaipa jina dhana iliyo nyuma yake: ulimwengu uliofungwa, yaani kila kilicho kweli kimekwisha kuandikwa. Kuna mahali dhana hiyo ni sahihi kabisa. Kama ratiba ya treni haitaji treni ya saa nane, hakuna treni ya saa nane. Kuna mahali inaua. Faili la mgonjwa lisilotaja mzio wa penisilini halisemi kwamba hana mzio. Huenda hakuna aliyemuuliza. Kwenye mfumo wa namna hiyo andika pande zote mbili waziwazi, `ana_mzio` na `hana_mzio`, na asiyeonekana popote ahesabiwe kuwa hajaulizwa. Nasisitiza hili kwa wanaojenga mifumo ya afya.

11. Kanuni yangu ya kukanusha inakataa kila mtu. Nimekosea wapi?

Huenda ni mpangilio. Linganisha (`\+` isome "haithibitiki kwamba", na `_` isome "yeyote"):

```
kapera(X) :- mwanamume(X), \+ ameoa(X, _).
kapera(X) :- \+ ameoa(X, _), mwanamume(X).
```

Kimantiki "na" haijali nani yuko mbele. Prolog inajali. Kanuni ya kwanza inamshika mwanamume mmoja, kisha inauliza kama imeandikwa kwamba ameoa. Ya pili inaanza bila kumshika mtu, kwa hiyo ukiuliza `kapera(Nani)` inajiuliza: kuna yeyote aliyeoa? Ukiwa umeandika kwamba Kulwa ameoa, basi wote wanakataliwa. Taja kwanza, kanusha baadaye. Na kumbuka swali la 10: Salim akiwa na mke ambaye hukumwandika, kanuni itamwita kapera.

12. Naweza kusema "Salim au Doto ndiye aliyechukua ufunguo"?

Kwa Prolog ya kawaida, hapana. Kila kanuni inaruhusiwa hitimisho moja tu upande wa kushoto. Umbo hilo huitwa kishazi cha Horn, kwa jina la Alfred Horn aliyelichunguza mwaka 1951, na ndilo linaloipa Prolog wepesi wake. Bei yake ni kwamba "au" haiingii kwenye hitimisho.

Ukiihitaji, ipo familia nyingine ya lugha iliyojengwa juu ya kazi ya Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz ya mwaka 1988, na clingo, iliyotengenezwa Potsdam, Ujerumani, ndiyo programu yake inayotumika sana. Humo unaandika `amechukua(salim) ; amechukua(doto).` na mashine inakurudishia hali mbili za dunia, kila moja ikiwa imekamilika.

## Kazi halisi

13. Nionyeshe tatizo ambalo Prolog inalitatua bila jasho.

Kupaka ramani rangi, nchi zinazopakana zisifanane. Tuchukue Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, kwa herufi zake za mwanzo (Kongo ni C, kwani K imeshachukuliwa):

```
rangi(nyekundu).
rangi(kijani).
rangi(njano).

ramani(K, U, T, R, B, C) :-
    rangi(U), rangi(R), U \= R,
    rangi(T), T \= U, T \= R,
    rangi(C), C \= U, C \= R,
    rangi(B), B \= R, B \= T, B \= C,
    rangi(K), K \= U, K \= T.
```

Rangi tatu zinatosha, na majibu ni 6. Yote yanazipa Tanzania na Kongo rangi moja, kwa kuwa niliorodhesha mipaka ya nchi kavu peke yake. Lakini Tanzania na Kongo zinapakana pia. Mpaka unapita katikati ya Ziwa Tanganyika. Ongeza `C \= T` kwenye mstari wa Kongo na uulize tena: `false`. Uganda, Rwanda, Tanzania na Kongo sasa kila moja inapakana na tatu zilizobaki, na rangi tatu haziwezi kuzitosheleza. Ongeza `rangi(bluu).` na majibu yanakuwa 48.

Neno moja la taarifa limegeuza jibu kutoka "ndiyo" kuwa "haiwezekani". Programu haikuwa na kosa kabla wala baada. Aliyetakiwa kuamua kama ziwa ni mpaka alikuwa mimi.

14. Inaweza kushughulikia sarufi ya Kiswahili?

Inaweza, na kwa uzuri, kwa sababu upatanisho wa ngeli ni kulandanisha. Prolog ina mwandiko maalumu wa sarufi, wenye mshale `-->`:

```
sentensi --> nomino(N), kivumishi(N), kitenzi(N).
nomino(ki) --> [kitabu].
nomino(vi) --> [vitabu].
kivumishi(ki) --> [kikubwa].
kivumishi(vi) --> [vikubwa].
kitenzi(ki) --> [kimeanguka].
kitenzi(vi) --> [vimeanguka].
```

Kigeu N kinabeba ngeli kutoka kwenye nomino hadi kwenye kitenzi. `phrase(sentensi, [kitabu, kikubwa, kimeanguka])` inakubaliwa. `[vitabu, kikubwa, kimeanguka]` inakataliwa. Uliza `phrase(sentensi, S)` na sarufi ileile itakutungia sentensi zote inazozijua, ambazo hapa ni mbili.

Utamu unakuja kwenye kiboko. Umbo lake ni la KI-VI, lakini ni kiumbe hai, tunasema "kiboko mkubwa ameanguka". Vivyo hivyo kijana, kipofu, kifaru. Ukitoa ngeli kwa kuangalia silabi ya kwanza, umepotea. Andika `nomino(a) --> [kiboko].`, yaani ngeli iwe ya upatanisho na si ya umbo, kisha uongeze `kivumishi(a) --> [mkubwa].` na `kitenzi(a) --> [ameanguka].` Walimu wa Kiswahili wenye hoja ya kwamba ngeli zipangwe kwa upatanisho wa kisarufi watafurahi kuona mashine inawaunga mkono.

15. Nani ameitumia kwenye kazi kubwa?

Mfano ninaoupenda ni wa sheria. Mwaka 1986 kundi la watafiti wa Imperial College, London, akiwemo Kowalski, lilichapisha Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 ikiwa imeandikwa kama programu ya mantiki. Sheria hiyo ina kifungu cha mtoto mchanga anayeokotwa ametelekezwa: atahesabiwa amezaliwa humo na mzazi mwenye sifa, isipothibitishwa vinginevyo. Hilo "isipothibitishwa vinginevyo" ni kukanusha kwa swali la 10, safari hii likiwa limewekwa kwa makusudi na likimlinda asiye na msemaji.

Kwingineko: Watson ya IBM, iliyoshinda mashindano ya maswali ya televisheni Marekani mwaka 2011, ilitumia Prolog kuchambua muundo wa maswali. Clarissa ya NASA, iliyowasomea wanaanga hatua za kazi kwa sauti kwenye kituo cha anga za juu mwaka 2005, iliandikwa kwa Prolog. Na lugha ya Erlang, iliyobuniwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, toleo lake la kwanza liliendeshwa juu ya Prolog.

16. Si ndiyo iliyoshindwa Japani?

Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi wa miaka kumi wa kompyuta za kizazi cha tano, na programu za mantiki zikawa moyo wake. Mashine maalumu zilijengwa, lakini kompyuta za kawaida zilizidi kuwa na kasi na kushuka bei mpaka hazikuwa na sababu ya kununuliwa. Kilichoshindwa sokoni ni mashine. Mantiki yenyewe haikuguswa.

17. Kwa zama hizi za mifumo ya lugha inayozungumza kama mtu, kuna haja gani?

Mfumo wa lugha unakupa jibu linalofanana na majibu mengi uliyowahi kusoma. Prolog inakupa jibu linalotokana na matamko unayoweza kuyashika mkononi, na njia iliyopitiwa inaweza kuchapishwa hatua kwa hatua, kama nilivyofanya kwenye swali la 7. Ukikosa mkopo au ukinyimwa hati, una haki ya kuuliza ni kanuni gani iliyokunyima. Napenda kuviona vikifanya kazi pamoja: mfumo wa lugha usome maandishi ya binadamu na kupendekeza matamko, mantiki itoe hitimisho, na mtu anayeijua kazi ayakague matamko kabla. Mkaguzi huyo ndiye atakayegundua kwamba ziwa limesahaulika.

## Inapokwama

18. Programu yangu haimalizi, kisha inasema kumbukumbu imekwisha.

Una kanuni inayojiita yenyewe kabla ya kufanya jambo lingine. Kiswahili kinahesabu mjukuu, kitukuu, kilembwe, kila kizazi na jina lake. Kwa vizazi vyote kwa pamoja tunahitaji kanuni moja inayojirudia:

```
mhenga(X, Y) :- mzazi(X, Y).
mhenga(X, Y) :- mzazi(X, Z), mhenga(Z, Y).
```

Hii ni salama. Ukigeuza mstari wa pili uwe `mhenga(X, Z), mzazi(Z, Y)`, kimantiki haujabadilika, lakini kiutendaji umechimba shimo. `mhenga(zuhura, asha)` bado itajibu ndiyo. `mhenga(asha, zuhura)`, ambayo jibu lake ni siyo, haitarudi. Kosa hili hujificha kwa sababu majaribio yetu huwa ni ya maswali ya ndiyo. Geuza mpangilio, au kwenye SWI-Prolog andika juu ya kanuni `:- table mhenga/2.` ili ikumbuke maswali iliyokwisha kujiuliza.

19. Jibu moja linajitokeza mara mbili. Na nikihamisha `A \= B` mbele, hakuna jibu kabisa.

Kujirudia kwanza: ukiongeza baba wa Rehema na Salim, wanakuwa ndugu kwa njia mbili, kwa mama na kwa baba, na Prolog inahesabu njia. Tumia `setof` kupata orodha isiyo na marudio. Lakini jiulize kwanza kama ulimaanisha ndugu wa tumbo moja au hata wa baba mmoja. Kanuni yetu inawachanganya wote.

Pili, `A \= B` inauliza kama haviwezi kulandana *sasa hivi*. Vigeu vitupu vinaweza kulandana wakati wowote, kwa hiyo ikiwa mbele inashindwa daima. Iweke mwisho, au tumia `dif(A, B)`, ambayo inasubiri.

20. Alama ya mshangao inafanya nini, na kwa nini naambiwa niiogope?

Inakata njia za kurudi nyuma, ndiyo maana nayo huitwa mkato (si ule mkato unaosomwa "na"). Tuseme mwalimu ana madaraja matatu:

```
daraja(Alama, a) :- Alama >= 75, !.
daraja(Alama, b) :- Alama >= 65, !.
daraja(_, c).
```

`daraja(80, D)` inajibu a, vizuri. Sasa uliza `daraja(80, c)`. Inajibu ndiyo. Tamko la kwanza na la pili hayakulandana na c, mkato haukufikiwa, la tatu likapita. Mwanafunzi mwenye 80 ana daraja a na c, kutegemea ulivyouliza. Andika mipaka yote miwili kwenye kila kanuni (`Alama < 75, Alama >= 65`) na hutahitaji mkato.

21. `X = f(X)` inapaswa kukataliwa. Mbona inakubaliwa?

Kwa mantiki safi hakuna kitu kinachoweza kuwa ndani ya nafsi yake, na rezolusheni ya Robinson hukagua hilo. Prolog huruka ukaguzi huo ili kuokoa muda. Ukiuhitaji, tumia `unify_with_occurs_check`.

22. Je, kompyuta inaweza kuamua kila sentensi ya mantiki ya viarifu?

Haiwezi. Kwa mantiki ya "na", "au", "si" unaweza kujaza jedwali: sentensi zenye herufi 10 zina mistari 1,024, ni nyingi lakini zina mwisho. Kwa mantiki ya viarifu, Alonzo Church na Alan Turing walithibitisha mwaka 1936, kila mmoja kwa njia yake, kwamba hakuna utaratibu wa kuamua kila sentensi. Sentensi inayofuata kweli kutoka kwenye matamko yako, mtafutaji mwaminifu ataifikia siku moja. Isiyofuata, anaweza kuitafuta milele bila kupata cha kukuambia, na wewe uliyekaa mbele ya skrini huna njia ya jumla ya kujua kama amebakiza dakika moja au hatarudi kamwe.